Gesi ya kucheka kwenye buti: Farasi 100 kwa kitufe kimoja, na injini ibaki nzima

Wapenzi wa Ligi Kuu England wanaikumbuka Aprili ya 2015. Raheem Sterling alikuwa bado kinda wa Liverpool, Jack Grealish ndiyo kwanza anachomoza pale Aston Villa. Ndani ya mwezi huo magazeti ya Uingereza yakaanika picha za vijana hao, kila mmoja kwa wakati wake, wakivuta gesi ya kucheka. Kuivuta halikuwa kosa la jinai siku hizo, lakini kelele zilizopigwa utadhani wamekamatwa na bunduki. Aprili 19 wakakutana uso kwa uso Wembley, nusu fainali ya Kombe la FA, Villa ikaichapa Liverpool 2-1, na mjadala ukahamia kwa Christian Benteke na Fabian Delph waliofunga mabao.

Gesi yenyewe haikuondoka. Jina lake la kitaalamu ni naitrasi oksaidi. Hospitalini inapunguza maumivu, kwa daktari wa meno na hata kwenye wodi ya wazazi. Na kule Marekani ipo pia kwenye buti za magari ya watu wa kawaida kabisa, mtungi mmoja umelala pembeni ya tairi la akiba. Mwenye gari analiendesha kwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, anapeleka watoto shule, anabeba mahitaji ya nyumbani. Jumamosi usiku anakwenda kwenye uwanja wa mbio za kunyooka, anakanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari lenye nguvu za farasi 225 linageuka la farasi 325 kwa sekunde kumi na ushee.

Kwamba inafanya kazi, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye Jumatatu inayofuata. Gari litawaka liende kazini, au litavutwa kwa kamba kwenda gereji?

SIYO MAFUTA

Filamu ya The Fast and the Furious iliyotoka 2001 iliwafundisha vijana wa dunia nzima neno NOS, na iliwafundisha vibaya. Wengi walitoka ukumbini wakiamini ndani ya mtungi kuna mafuta makali ajabu, yanayowaka moto wa bluu. Hakuna kitu kama hicho. Naitrasi haiwaki. Na NOS ni jina la biashara tu, la kampuni iliyoanzishwa 1978 na Mike Thermos na Dale Vaznaian, ambayo tangu 1999 iko chini ya kampuni ya Holley. Kuiita kila naitrasi NOS ni sawa na kuiita kila dawa ya meno Colgate.

Kazi ya gesi hii ni kubeba oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 23 ya uzito wake, naitrasi ina asilimia 36. Ikiingia kwenye silinda na kukutana na joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, inavunjika na oksijeni yake inaachiwa huru. Oksijeni zaidi maana yake ni nafasi ya kuchoma petroli zaidi, na petroli iliyochomwa ndiyo nguvu. Kuna zawadi ya pili. Ndani ya mtungi naitrasi inakaa ikiwa kimiminika, na ikitoka kwenye nozeli inachemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri. Inaipoza hewa inayokwenda kwenye injini, na hewa ya baridi hushonana zaidi ndani ya silinda.

Hapo kuna neno moja la kushika: nafasi. Naitrasi haileti nguvu, inaleta nafasi ya nguvu. Ni winga mwenye mbio anayepiga krosi nzuri, lakini ndani ya boksi lazima kuwe na mtu wa kumalizia, na mtu huyo ni petroli. Tofauti na mpira ni kwamba kwenye injini krosi isiyokuwa na mtu haitoki nje ikawa goli kiki. Inatoboa pistoni.

Karibu kila injini iliyokufa kwa naitrasi ilikufa kwa sababu hiyo. Gesi ilikuja, petroli haikuja ya kutosha, na joto la mwako likapanda kwa kasi kuliko pistoni inavyoweza kuvumilia. Haihitaji dakika, sekunde chache zinatosha. Fundi anayefungua injini ya namna hiyo anakuta pistoni ina tundu katikati kama limepigwa msumari wa moto, au kingo zimeliwa na ringi zimenasa.

KASHFA YA DAYTONA

Wajerumani waliitumia kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Mfumo wao ulioitwa GM-1 uliwasaidia marubani wa ndege za kivita kupata nguvu huko juu sana ambako hewa ni nyepesi. Lakini kwa watu wa michezo, kesi inayokumbukwa ni ya Daytona, Florida, Februari 1976.

Ilikuwa siku ya kutafuta nafasi za kuanzia mbio za Daytona 500. A.J. Foyt na Darrell Waltrip, majina makubwa wote wawili, walipiga muda ambao maofisa wa NASCAR waliutilia shaka. Magari yakakaguliwa, muda wa wote wawili ukafutwa kwa sababu ya naitrasi. Dave Marcis naye akafutiwa wake siku hiyohiyo, kwa kosa jingine. Nafasi ya kwanza ikamwangukia Ramo Stott, jina ambalo shabiki wa kawaida asingelitaja hata kwenye kumi bora za mkeka wake. Ni kama VAR ifute mabao matatu mfululizo na kombe liende kwa timu iliyokuwa imekaa kwenye basi.

Tangu hapo michezo mingi ya magari haijalegeza. Formula One hairuhusu kitu chochote zaidi ya mafuta kuongezwa kwenye hewa ya kwenye mwako. Sheria za FIA za rali, hizohizo zinazosimamia Safari Rally kule Naivasha, zinataka mafuta yachanganyike na hewa pekee. Kwa hiyo wale wanaokaa kando ya barabara ya vumbi na kubishana kwamba dereva fulani ana kitufe cha siri, ubishi wao hauna mashiko. Nyumbani kwa naitrasi ni mbio za kunyooka za Marekani, robo maili, yaani mita 402, magari mawili mawili, taa ya kijani ikiwaka ni kuondoka. Na hata huko siyo kila daraja linairuhusu.

MUSTANG YA MTU WA KAWAIDA

Gari lililoitoa naitrasi mikononi mwa matajiri na kuipeleka mtaani ni Ford Mustang 5.0, hasa zile zilizotoka kiwandani kati ya 1987 na 1993. Injini ya V8, bei ya kijana mwenye kazi ya kawaida, vipuri kila kona, na karatasi za Ford kwa muda mrefu ziliandika farasi 225. Waliolipenda gari hilo wamevunja vitu vingi sana, na kwa sababu wamevunja vingi, mipaka yake inajulikana kwa undani kuliko ya magari mengi duniani.

Mfano mmoja tu unatosha kuonyesha kwa nini kununua mtungi ndiyo hatua ya mwisho, si ya kwanza. Hadi 1992 Mustang hizo zilikuwa na pistoni za aluminiamu ya kufuliwa, yaani iliyogandamizwa kwa nguvu mpaka ikashikamana. Mwaka 1993 Ford ikahamia kwenye pistoni za kumimina. Kwa nje magari ni mapacha, hata mlio ni uleule. Lakini injini ikianza kugonga kwa sababu petroli imepungua au cheche imewahi, pistoni ya kufuliwa inapokea kipigo, inapinda kidogo, pengine inampa dereva muda wa kuondoa mguu. Ya kumimina inavunjika vipande. Ndiyo maana fundi mzoefu wa Mustang haanzi kuuliza mteja anataka mtungi wa kilo ngapi. Anauliza gari ni la mwaka gani.

Kuna na dari juu ya kichwa. Bloku ya kiwandani ya injini ile inajulikana kuingia hatarini nguvu zinapokaribia farasi 500. Inapasuka katikati kama muhogo uliokauka, nusu huku nusu kule, na hapo hakuna cha kulehemu. Kabla ya bloku, gia boksi yake ya T-5 huwa imeshaaga, mara nyingi kwa kuvunja gia ya tatu. Sababu ni tabia ya naitrasi yenyewe. Turbo inapandisha nguvu kwa ngazi, japo ni ngazi za haraka. Naitrasi inatua yote kwa mkupuo, na kila kilichoko kati ya injini na tairi kinapigwa kofi kwa wakati mmoja.

Kiasi cha kuongeza hupangwa na jeti, kijipande cha shaba chenye tundu dogo katikati. Tundu likiwa kubwa, gesi nyingi. Mwongozo ambao NOS wenyewe wamekuwa wakiutoa kwa injini ambazo hazijaguswa ndani ni farasi 40 hadi 60 za ziada kwa silinda nne, 75 hadi 100 kwa silinda sita, na isizidi 140 kwa V8 ndogo kama ya Mustang. Hizo si namba za woga. Ni namba za watu waliouza mitungi kwa miaka mingi na kurudishiwa malalamiko kwa miaka mingi.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, siyo siku ya kwanza bali wiki ya tatu. Jeti inabadilishwa kwa dakika tano na spana mbili. Jamaa anaanza na farasi 75, moyo unamdunda, anafurahi. Wiki mbili baadaye ameizoea, gari linaonekana zito. Anaweka 100. Halafu 125. Injini haina mdomo wa kumwambia imechoka, na pampu ya mafuta ni ileile. Pampu ya kiwandani ya Mustang 5.0 ilikuwa ya lita 88 kwa saa, ilitosha kulisha farasi 225 bila shida. Waliojua wanachokifanya walifunga ya lita 255 kabla hata ya kutoboa buti kwa ajili ya mtungi.

MAFUTA YAJE KWANZA

Njia za kuleta petroli ya ziada ni mbili. Ya kwanza mafundi wa Marekani huiita kavu: nozeli ya naitrasi inamwaga gesi peke yake, na petroli inaongezwa na nozeli za injini zilezile za kiwandani, ama kwa kompyuta ya gari kuamuru, ama kwa kuinua presha ya mafuta kama mifumo ya zamani ya Mustang ilivyofanya. Ya pili ni ya majimaji: gesi na petroli zinatoka pamoja kwenye nozeli moja, kila moja na jeti yake na solenoidi yake. Ubishi wa ipi bora ni wa miaka, kama ubishi wa Messi na Ronaldo, na haujapata mshindi. Jambo la kuangalia ni kwamba zote mbili zinaishi kwa presha ya mafuta. Presha ikishuka katikati ya mbio, gesi inaendelea kuja yenyewe kwa sababu mtungi una msukumo wake, wala hauhitaji pampu.

Kwa hiyo swichi ya kwanza ambayo mtu hapaswi kuibania ni ile ya presha ya mafuta. Ni kidude kidogo kinachofungwa kwenye bomba la petroli. Presha ikianguka chini ya kiwango kilichowekwa, kinakata umeme wa solenoidi na gesi inafungwa. Bei yake ukilinganisha na injini ni kama chenji ya daladala.

Swichi ya pili ni ya pedali. Naitrasi isifunguke mpaka mguu ufike chini kabisa. Ikifunguka mlango wa hewa ukiwa nusu, gesi inarundikana kwenye manifoldi, na cheche moja ikirudi nyuma kupitia valvu ya kuingizia, manifoldi inapasuka kwa mlio ambao majirani watauliza.

Ya tatu inasoma mizunguko ya injini. Chini ya mizunguko kama 3,000 kwa dakika isiruhusu gesi, kwa sababu pistoni inakwenda polepole na msukumo wote unaishia kukunja fimbo. Juu, ikate kabla injini haijafika kwenye kikomo chake. Hili la juu limeua injini nyingi kimyakimya. Magari mengi ya kisasa yakifika kikomo cha mizunguko hukata petroli. Dereva akichelewa kubadili gia akiwa amefungua naitrasi, petroli inakatwa na gesi inaendelea. Ile krosi bila mshambuliaji, mara nane kwa silinda nane.

Ya nne ni swichi kuu kwenye dashibodi, yenye kifuniko, ili mtoto aliyekaa kiti cha mbele asije akaiwasha akicheza.

Kisha kuna cheche. Mchanganyiko wenye naitrasi unawaka haraka zaidi, hivyo cheche lazima ichelewe. Hesabu inayotumiwa na wengi ni kurudisha taimingi digrii 2 kwa kila farasi 50 zilizoongezwa. Plagi nazo zinabadilishwa kwa zile za baridi zaidi, hatua moja au mbili, zisizo na ncha ndefu inayogeuka kaa la moto ndani ya silinda, na mwanya wake unapunguzwa hadi milimita 0.8 au 0.9. Petroli iwe ya oktani ya juu kadiri inavyopatikana. Baada ya mbio mbili tatu za mwanzo plagi zinafunguliwa na kusomwa kwa kioo cha kukuzia. Vijidoa vyeusi kama pilipili manga au vijipunje vya aluminiamu kwenye kauri nyeupe ni dalili kwamba pistoni imeanza kuondoka kidogo kidogo. Anayeona hivyo na bado akaongeza jeti, asimtafute mchawi.

MTUNGI NA JUA

Mtungi uliozoeleka ni wa ratili 10, kilo 4.5 za gesi. Kwa nyongeza ya farasi 100 unatoa kama sekunde 100 hadi 120 za kazi. Zinaonekana kidogo, lakini mbio moja ni sekunde 12 au 13 tu, na gesi inafunguliwa kwa sehemu yake. Kwa dereva wa kila siku huo ndio uzuri wenyewe. Muda mwingine wote gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani, linakula mafuta yaleyale na kuunguruma vilevile. Ole Gunnar Solskjaer hakuanza fainali ya 1999 pale Camp Nou. Alikaa benchi dakika 81, akaingia, akamaliza kazi dhidi ya Bayern Munich. Naitrasi ni mchezaji wa namna hiyo, na anayeianzisha kikosini kila siku ataujua mwisho wake mapema.

Presha ya mtungi inafuata joto. Kwenye nyuzi 20 ni kama psi 740, kwenye nyuzi 30 inapita 900. Mifumo mingi hupangwa ifanye kazi kati ya psi 900 na 1,000. Ndiyo maana Wamarekani wa majimbo ya baridi huvalisha mitungi yao blanketi la umeme kabla ya kukimbia. Mtungi ukiwa wa baridi, gesi inakuja kidogo kuliko petroli na gari linakohoa moshi. Ukiwa wa moto kupita kiasi, gesi inakuja nyingi kuliko petroli, na hadithi ya pistoni yenye tundu inajirudia.

Kwa Dar es Salaam au Mombasa blanketi halihitajiki. Huku tatizo linakuja kutoka upande wa pili. Naitrasi ina kikomo chake, nyuzi 36.4. Ikipita hapo haikai tena kama kimiminika, hata ukiigandamiza vipi, na presha huwa imeshavuka psi 1,000 na inaendelea kupanda. Buti la gari lililoegeshwa juani mchana wa Februari hupita nyuzi hizo bila jasho. Mtungi wenyewe umetengenezwa kuvumilia, na una diski ndogo ya usalama inayopasuka kabla ya mtungi kupasuka. Lakini diski ikipasuka, kilo nne na nusu za gesi zinatoka kwa mara moja. Kama ni ndani ya gari lililofungwa vioo, zinaisukuma nje hewa ya kupumulia, na dereva aliye barabarani anaweza asipate hata muda wa kuegesha. Ndiyo maana kunatakiwa bomba la chuma kutoka kwenye diski hiyo hadi nje ya bodi ya gari. NHRA, chama kinachosimamia mbio za kunyooka Marekani, kinalitaka hilo kwa mtungi uliokaa sehemu ya dereva, na kinataka pia mtungi wenye muhuri wa DOT-1800, uliofungwa kwa mabano yake halisi. Vibana vya mipira ya maji na kamba za plastiki havikubaliki. Gari likibinuka, mtungi uliofungwa kwa kamba ni kombora.

Mtungi haupashwi moto kwa jiko, kwa tochi ya gesi wala kwa kuuweka juu ya bodi ya gari lililoiva jua. Haujazwi kwa kukisia. Unajazwa kwenye mizani, uzito mtupu ukiwa umegongwa shingoni, kwa sababu mtungi uliojazwa kupita kiasi hauna nafasi ya gesi kutanuka joto likipanda. Na haukai namna yoyote tu ndani ya buti. Ndani yake kuna mrija unaofyonza kimiminika kutoka chini, na unafungwa kwa kufuata maelekezo ili gari linaporuka mbele na gesi kukimbilia nyuma, mrija usibaki kufyonza mvuke mtupu.

Kwa wanaofikiria kujipatia cheko la bure, gesi ya magari huwekwa salfa dioksaidi kidogo, sehemu 100 kwa milioni, makusudi ili anayeivuta apaliwe. Na gesi safi nayo si mchezo wa sherehe kama ilivyoonekana 2015. Kuivuta mara kwa mara kunaharibu matumizi ya vitamini B12 mwilini na kuua mishipa ya fahamu, miguu ikafa ganzi. Novemba 8, 2023, Uingereza iliiweka kwenye kundi C la dawa zilizopigwa marufuku, isipokuwa kwa wenye sababu halali za kuwa nayo.

ALTEZZA SI MUSTANG

Vijana wa huku gari lao si Mustang. Ni Toyota Altezza, Subaru Impreza, Mark X, magari yaliyotumika Japani kwanza, yakapanda meli, yakapata maisha ya pili. Kanuni ni zilezile, ila hesabu inaanza nyuma kidogo, kwa kuwa hakuna ajuaye kwa uhakika huyo mmiliki wa kwanza aliipiga injini kiasi gani.

Hivyo kabla ya lolote ni kupima kompresheni silinda kwa silinda, na kuona kama moja iko chini ya wenzake. Injini inayokula oili haifai, kwa sababu oili ikiingia kwenye mwako inashusha oktani na kuleta kule kugonga. Rejeta inayovuja haifai. Plagi za bei chee, pampu ya mafuta inayolia, chujio ambalo halijabadilishwa tangu gari litoke bandarini, vyote hivyo havifai, na gari lenye kasoro hizo linahitaji pesa ya mtungi iende kwanza huko.

Altezza yenye injini ya silinda nne, lita 2, tayari ilibanwa na kiwanda ikatoa hadi farasi 210 kwenye gari la gia za mkono. Ina ugandamizaji mkubwa, na injini ya namna hiyo ina nafasi ndogo ya kusamehe. Farasi 40 za kuongeza zinaonekana chache kwenye kijiwe, lakini ni karibu moja ya tano ya nguvu yote. Kwa Subaru ya turbo, silinda zinabeba shinikizo la turbo tayari, na naitrasi inaongeza juu ya hilo, hivyo turbo na gesi vinapangwa pamoja na mtu mwenye mashine ya kupima nguvu na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, si kwa kusikiliza mlio wa ekzosi. Mark X zenye injini za V6 zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ni somo jingine kabisa, kwa sababu nozeli zake na pampu yake ya presha kubwa si vitu vya kuongezewa kazi kwa kukisia.

Barabara ya umma haimo kwenye hesabu hii. Farasi 100 zinazotua kwa mkupuo kwenye tairi za kawaida, lami ina mchanga, bodaboda anakatiza, si jambo la swichi wala jeti. Huko Marekani wanaodumu na magari yao ni wale wanaofungua valvu ya mtungi wakishafika uwanjani, na kuifunga kabla ya kuondoka. Valvu ikiachwa wazi barabarani, kinachoitenga gesi na injini ni solenoidi moja tu. Ikivuja usiku gari likiwa limezimwa, manifoldi inajaa, na ufunguo wa asubuhi unakuwa kiberiti. Anayehisi imevuja anafunga mtungi, anachomoa umeme wa cheche na wa nozeli, anazungusha injini kwa staata mpaka gesi itoke, kisha ndipo anawasha.

Mbio ya mwisho ikiisha kazi inaendelea dakika kumi na tano nyingine. Valvu inafungwa kwa mkono. Gesi iliyobaki kwenye bomba inatolewa hewani. Swichi kuu chini, kifuniko juu yake. Plagi moja inafunguliwa na kutazamwa chini ya taa. Mtungi unatolewa kwenye mabano yake, unapimwa uzito, unaandikwa kwenye daftari pamoja na jeti iliyotumika, unawekwa mahali penye kivuli na hewa. Taimingi inarudishwa ya kila siku. Jumatatu saa moja kasoro Mustang iko kwenye foleni pamoja na wengine, farasi 225, kiti cha mtoto nyuma, na pale mtungi ulipokuwa umelala pana mfuko wa vitunguu.